Mteja Aliyelaza Kichwa Kwenye Sinki Hana pa Kukimbilia

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huu umeharibu biashara ya wenye saluni wa aina mbili. Wa kwanza wameuamini kupita kiasi: wamenunua shampuu na mafuta ya laki mbili, wameyapanga kwenye kabati la vioo, wamelifunga kwa ufunguo, wakakaa kusubiri. Baada ya miezi sita vumbi limetanda juu ya vifuniko na tarehe ya mwisho wa matumizi inabisha hodi. Wa pili wameusahau kabisa. Mteja hajakaa sawasawa kwenye kiti ameshaambiwa nywele zake zimekufa, nani alikusuka hivi, na dawa yake iko hapo hapo, elfu ishirini na tano tu. Mteja huyo atalipia kusuka, atatabasamu, atasema "nitakuja", na mwezi ujao atasukiwa mtaa wa pili.

Ung'ang'anizi hauanzii mdomoni mwa msusi. Unaanzia kwenye mzigo ulionunuliwa bila hesabu, kwenye kamisheni iliyopangwa vibaya na kwenye saa mbaya ya kufungua mazungumzo. Mpe msusi mpole kuliko wote chupa 24 za mafuta zinazokaribia kuchacha, umuahidi asilimia kwa kila chupa, na ndani ya wiki moja atawaganda wateja kama kupe. Kumfundisha "lugha nzuri ya biashara" hakutasaidia kitu ikiwa hayo matatu hayajaguswa.

Saluni tunayoizungumzia ni ile ya kawaida ya Dar es Salaam: viti vitatu au vinne, sinki moja, draya mbili, feni inayozunguka kwa kulalamika, wasusi wanaolipwa sehemu ya pesa ya kila kichwa, na mteja ambaye mara nyingi amekuja na mfuko wake wa rasta kutoka Kariakoo. Huo mfuko usiukunjie uso. Mtu aliyejinunulia rasta mwenyewe anajua bei za mjini, na akikuta unamheshimu kwa hilo atakuamini utakapomwambia jambo asilolijua.

Tuanze na saa ya kusema, maana ndipo wengi wanapokosea bila kujua. Mteja aliyelaza kichwa kwenye sinki, maji yanamtiririka masikioni, hawezi kuinuka wala kuona unachomuonyesha. Aliye chini ya draya hasikii. Anayesukwa rasta ndogo ndogo kwa saa tano ameshikwa nywele, na kila analoambiwa lazima alisikilize. Hawa wote ni wateja wasio na pa kukimbilia, na ndiyo sababu kuwauzia hapo kunaonekana rahisi. Watakubali ili wanyamaziwe. Wakifika nyumbani watajiona wamepigwa.

Saa nzuri ni tatu, na zote ni fupi. Ya kwanza ni kabla ya kugusa maji, mteja akiwa amekaa, mnatazamana kupitia kioo. Hapo huuzi kitu, unauliza: huwa unaosha baada ya siku ngapi, unaosha na nini, usiku unalala umefunga nini? Maswali haya yanatosha kukuambia kwa nini nywele zinakatika kichogoni lakini utosini ziko sawa. Anayelala bila kufunga kichwa kwenye foronya ya pamba husugua kichogo usiku kucha, na pamba inanyonya mafuta yote aliyopaka jioni. Anayesema "shampuu haitoi povu nyumbani" huenda anatumia maji ya kisima yenye chumvi, jambo la kawaida katika mitaa mingi ya Dar, na shida yake haitatatuliwa na kondishena yoyote ya bei mbaya.

Saa ya pili ni unapoitumia bidhaa. Sentensi moja inatosha: "Hii ni shampuu ya kutoa chumvi, maji yenu ya kisima huacha kama utando kwenye nywele." Kisha nyamaza, endelea kuosha. Jina la bidhaa limesikika, sababu imesikika, na hakuna aliyeombwa pesa.

Ya tatu ni mwisho, mbele ya kioo, kabla ya kutoa kitambaa shingoni. Hapo mteja amependeza, anajigeuzageuza, na swali lake halisi ni moja: hizi zitakaa hivi hadi lini? Mjibu hilo. Mwambie cha kufanya nyumbani, na kama ndani ya maelezo hayo kuna kitu kimoja anachokihitaji ambacho unacho, kitaje pamoja na bei. Kimoja. Ukitaja vitatu umempa hesabu ya kupiga, na mtu akianza kupiga hesabu hujibu "ngoja nijipange".

Wakati wa kulipa usilete jambo jipya. Mteja ameshajua anatoa shilingi ngapi, pengine ameshaandaa lipa namba kwenye simu. Ukimwambia hapo "na mafuta je?", hata kwa sauti ya asali, umemfanya aonekane bahili mbele ya wanaosubiri.

Kuhusu maneno yenyewe, kuna kipimo tunachokiamini: ushauri wako ufanye kazi hata kama mteja hakununua chochote. Msikilize msusi huyu akiongea na mama wa makamo aliyemaliza kusuka:

"Mama, hizi zikae wiki sita, zisizidi nane. Kila baada ya wiki mbili uoshe ngozi ya kichwa tu. Chukua shampuu kijiko kimoja, maji vijiko vinne, tia kwenye kichupa chenye mdomo mwembamba, pitisha kwenye mistari, sugua kwa ncha za vidole, suuza hadi maji yawe safi. Usiku ufunge satini."

"Satini sina, mwanangu. Nina kanga."

"Kanga ni pamba, mama, inanyonya mafuta na kuzisugua za mbele. Ukipata kipande chochote cha satini kinatosha. Na hapa tunazo kofia, elfu tano, ukitaka."

"Haya, nitaangalia."

"Hakuna shida, mama. Za mbele zikikuuma usiku wa leo, nipigie nizilegeze, usivumilie."

Mazungumzo yaliishia hapo, na "nitaangalia" ilipokelewa kama jibu kamili. Watu wa pwani hatupendi kumwambia mtu hapana usoni. "Nitaangalia", "nitarudi", "Mungu akipenda" zote zinaweza kuwa hapana. Msusi asiyezitambua huongeza maelezo, na kila neno analoongeza linamsogeza mteja mlangoni. Ile ahadi ya kulegeza nywele nayo ina uzito wake. Nywele za mbele zinazovutwa mno, zikasukwa hivyo hivyo mwaka baada ya mwaka, hukimbia na mwisho hazioti tena kwa sababu vinyweleo vimekufa. Hakuna mafuta ya kichupa yanayozirudisha yakifika hapo, na anayeuza mafuta kwa ahadi hiyo anauza uongo.

Kitu kingine cha kuacha kabisa ni kumwaibisha mteja. "Nywele zako zimeungua kweli kweli" huuza chupa moja na kupoteza mteja. Sema unachokiona na kinachosababisha: "Ncha zimepasuka, hii huwa ni pasi ya moto sana. Unaweka nyuzi joto ngapi?" Akikujibu kwamba pasi yake ya nywele haina namba, umepata jambo la maana la kumwambia: moto wa nyuzi 180 unatosha kwa wengi, 230 huunguza, na pasi isiyo na kipimo hujui imefika wapi. Kama unauza kinga ya moto, ndipo inapoingia, na inaingia yenyewe.

Sasa mzigo. Tukiulizwa bidhaa ya kwanza ya kuuza saluni, jibu letu huwashangaza wengi: kofia ya satini. Haina tarehe ya kuisha, haimletei mtu muwasho, haiigwi na watengenezaji wa bidhaa feki, na faida yake mteja anaiona asubuhi ya pili. Mita 2 za satini yenye upana wa mita 1.5 hutoa duara 6 za kipenyo cha sentimita 60, na fundi wa mtaani akiweka mpira pembeni kazi imekwisha. Kwa wanaosuka rasta ndefu ongeza kipenyo, la sivyo kofia itachomoka usiku na lawama itakurudia wewe. Aliyenunua kofia ya elfu tano ikamfaa atakusikiliza siku utakapomtajia shampuu.

Baada ya kofia, aina nne za chupa zinatosha kuanzia: shampuu laini, shampuu ya kutoa chumvi kwa wenye maji ya kisima (soma nyuma ya chupa utafute EDTA, kemikali inayoshika madini ya maji hayo), kondishena, na mafuta mepesi au maji ya kupulizia kwa waliosuka. Chupa nne kila aina. Kwa bei ya jumla ya mfano ya shilingi 12,000, mtaji wote ni 192,000. Dawa ya kunyoosha nywele usiiweke kwenye kabati la kuuza. Dawa zile zina pH (kipimo cha asidi na alkali) kati ya 12 na 14, zinachoma ngozi kama alkali yoyote kali, na mteja anayejipaka mwenyewe hana kioo cha kumuonyesha kichogo chake akiwa nyumbani peke yake.

Sharti moja ndilo linaloshika mambo yote: kilichopo kabatini ndicho kilichopo kwenye sinki. Bidhaa ileile, chupa ileile. Saluni inayojaza shampuu ya galoni kwenye chupa yenye jina kubwa, kisha ikauza chupa ya kweli kabatini, itagundulika, maana wateja wana pua. Harufu tu inatosha. Sharti hili lina faida ya pili ambayo wengi hawaioni. Bidhaa isipotoka kwa siku 60, unaihamishia kwenye sinki na kuitumia kwa kazi. Pesa yako inarudi kidogo kidogo kupitia kusuka na kuseti, na hakuna msusi anayelazimika kumbebesha mteja chupa inayochacha. Usiagize tena aina hiyo. Zile zinazotembea, agiza ikibaki chupa moja.

Kupima mafuta kwenye vichupa vidogo ili kumrahisishia mteja bei kunavutia, na mtaani ni kawaida. Kwa bidhaa zenye maji ndani, kama kondishena na krimu, tunashauri uache. Chupa ikifunguliwa, vijidudu vinaingia kwa kidole na kwa hewa. Kichupa ulichokiosha kwa maji ya bomba kinaongeza vingine. Na mteja anabaki bila lebo, bila namba ya toleo, bila tarehe. Akivimba kichwa huwezi kumwambia daktari alipaka nini. Tafuta wenye chupa ndogo za kiwandani. Bei kwa mililita ni kubwa zaidi, ndiyo, lakini mteja anaweza kuijaribu bidhaa bila kujifunga.

Ununue wapi nalo si swali dogo. Tangu 2019 vipodozi Tanzania viko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango, baada ya kazi hiyo kuondolewa kutoka mamlaka iliyokuwa ikishughulikia chakula na dawa. Nunua kwa wakala anayetoa risiti na uitunze. Linganisha namba ya toleo kwenye chupa na kwenye boksi, angalia kizibo kama kimefunguliwa, angalia maandishi kama yamekwaruzika au yana herufi zilizokosewa. Bei ya chini mno kuliko maduka yote ya jirani ni habari yenyewe.

Ukishaleta mzigo, uweke mteja anapouona. Mteja wa saluni amekaa, kwa hiyo rafu ya juu inayopendeza kwa aliyesimama, kwake yeye ni dari. Bidhaa ziwe kati ya mita moja na mita moja na robo kutoka sakafuni. Rafu iliyo nyuma ya kiti ataiona kupitia kioo, na kioo hugeuza maandishi. Hakuna anayesoma lebo kinyumenyume. Iweke pembeni ya kioo au mbele ya benchi la kusubiria. Dirishani usiweke: jua la Dar huchachusha mafuta, na shea na nazi zikichacha harufu yake haijifichi. Kila kitu kiwe na kibandiko cha bei. Pasipo bei, mteja hudhani bei inapangwa kwa kumwangalia mkoba wake, na mara nyingi hakosei. Acha chupa moja ya kila aina iguswe, inuswe, ipakwe mkononi, na kabati liwe wazi. Kufuli huwaambia wateja wote kwamba unawadhania wezi.

Bei ya chupa nzima hutisha, kwa hiyo jifunze kuigawa, lakini kwa hesabu ya kweli. Shampuu ya mililita 250, ukitumia mililita 15 kwa mosho mmoja, yaani kijiko kimoja cha mezani, ni kama mara 16. Kwa anayeosha kila wiki ni miezi minne kasoro siku chache. Chupa ya 17,000 inakuwa kama elfu moja na kidogo kwa kila mosho. Mweleze kijiko hicho, maana wengi humimina kiganja kizima, chupa inaisha kwa mwezi, na wanasema bidhaa ni ghali. Hesabu hiyo hiyo inakuambia lini umkumbushe: baada ya miezi mitatu na nusu. Ujumbe wa baada ya wiki mbili, "mpenzi shampuu imeisha?", unamwonyesha kwamba hujui unachouza.

Daftari la kawaida linatosha: jina, tarehe, alichonunua, ukubwa wa chupa, na kama kuna kilichomdhuru. Namba ya simu chukua kwa ruhusa na useme ni ya nini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata pasingekuwa na sheria, mtu aliyekupa namba ili umwambie zamu yake ya kusuka hakuomba matangazo ya wigi kila Ijumaa. Weka picha kwenye status. Anayetaka atauliza.

Kamisheni ndiyo sehemu inayowagombanisha wenye saluni na wasusi. Tuseme chupa uliyonunua 12,000 unaiuza 17,000. Faida ni 5,000. Ukimpa msusi asilimia 10 ya bei ya kuuzia, amechukua 1,700, zaidi ya theluthi ya faida, na umemfundisha kuuza chupa ya bei kubwa kuliko inayofaa. Njia iliyo bora machoni petu ni kiasi kimoja kwa kila chupa, kidogo mara ya kwanza na kikubwa mteja anaporudia: tuseme 500 kwa chupa ya kwanza, 1,500 kwa ya pili ya bidhaa ileile. Kwa chupa mbili msusi anapata 2,000 kati ya faida ya 10,000, saluni inabaki na 8,000. Muhimu ni kwamba pesa yake nzuri iko kwenye chupa ya pili, na chupa ya pili hainunuliwi na aliyelazimishwa ya kwanza. Wasusi watalalamika mwezi wa kwanza kwamba pesa inachelewa. Ni kweli inachelewa. Wape mfano wa daftari, waone majina yanayojirudia. Mashindano ya "nani kauza zaidi wiki hii" yafutwe, na ubao wake utolewe ukutani.

Yako mambo ambayo jibu lake si bidhaa, na msusi lazima ayajue kwa macho. Mba wa kawaida, ule unaodondoka kama unga, wengi huupaka mafuta kila siku ili usionekane, na kuvu wanaohusika nao hula mafuta hayo hayo ya ngozini. Mwambie apunguze kupaka kwenye ngozi, apake kwenye nywele. Shampuu yenye zinc pyrithione inasaidia ikikaa kichwani dakika 3 hadi 5 kabla ya kusuuzwa. Wengi huimwaga baada ya sekunde kumi na kusema haifanyi kazi. Mtoto mwenye mabaka ya duara yaliyopukutika nywele huenda ana mapunye. Hayo yanataka dawa ya kumeza kutoka hospitali, maana ya kupaka peke yake haifiki ndani ya shina la unywele, na chanuo lililomgusa litengwe na kuoshwa kwa dawa kabla ya kichwa kingine. Usaha, maumivu, upara unaong'aa uliotokea ghafla: kliniki ya ngozi. Msusi anayesema "hili silijui, nenda hospitali" anapoteza chupa moja siku hiyo.

Na kuna anayekuja kuuliza kwa sauti ya chini, "Dada, huna kitu cha kung'arisha?" Mkorogo usiuuze, hata kama jirani anauza na gari amenunua. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania. Zebaki hupenya ngozini na kudhuru figo. Piko nyeusi za kuchora na baadhi ya rangi za nywele zina PPD, kemikali ya rangi inayoweza kuvimbisha na kuacha kovu, kwa hiyo hata rangi halali ijaribiwe nyuma ya sikio saa 48 kabla. Mteja anayesema "mimi sina mzio, paka tu" ndiye wa kumrudisha kesho kutwa.

Linabaki la kurudisha pesa. Mteja akirudi na chupa iliyofunguliwa akasema inamuwasha, mrudishie pesa yote papo hapo, bila kumhoji mbele ya watu. Hasara yako ni ile 12,000 ya jumla, faida ya chupa mbili na nusu hivi. Andika kwenye daftari bidhaa, namba ya toleo na sehemu iliyowasha, na toleo lile lile likirudishwa na mteja wa pili, litoe kabatini lote na umpigie wakala. Ile chupa yenyewe usiipeleke kwenye sinki ili kufidia. Imwage, ikate kwa mkasi, itupe. Chupa tupu nzima yenye lebo safi hufika mikononi mwa wanaojaza feki kabla ya jioni.